Kanisa Lisilojifungia: Habari za Wakristu wa Kwanza wa Mityana na wa Mpala



Wapenzi wasikilizaji, nanyi mnaosoma fundisho hili kitabuni, katika mafundisho yaliyopita tulijifunza Kanisa ni nini, na jinsi Bwana wetu alivyolijenga juu ya Mitume. Leo twataka kujibu swali ambalo wakristu wengi wa vijijini hujiuliza. Padri hufika kwetu mara chache. Misioni iko mbali, na wakati wa mvua njia haipitiki. Tuna kanisa dogo la udongo na nyasi, tuna katekista mmoja, nasi ni watu wachache kati ya wengi wasioamini. Je, kundi kama letu laweza kuishi? Laweza kuwa na afya, likakua, likawafaa na watu walio nje? Au kazi yake ni kungoja tu mpaka padri arudi?

Swali hili si dogo. Yako makanisa ya vijiji yaliyojengwa kwa nyimbo na vigelegele, na baada ya miaka michache majani yakaota mlangoni. Hayakubomolewa na adui. Yalikufa polepole, kama moto usiotiwa kuni. Tena yako mengine yaliyopatwa na mateso makali, nayo yakazidi kuwaka. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Ili tupate jibu, tutazame mambo yaliyotendeka kweli, hasa katika nchi hizi zetu za maziwa makubwa. Mababu zetu katika imani watatufundisha.

1. Mfano wa Antiokia

Tuanze na kitabu cha Matendo ya Mitume. Baada ya Mtakatifu Stefano kuuawa, wakristu wa Yerusalemu walitawanyika kwa sababu ya mateso. Baadhi yao walifika Antiokia, mji mkubwa wa Siria ya wakati ule. Siku hizi mahali pale pamo katika nchi ya Uturuki. Watu hao hawakuwa Mitume, wala hatukuambiwa majina yao. Walikuwa wakimbizi tu, watu wa Kipro na wa Kirene. Lakini hawakunyamaza. Walisema habari za Bwana Yesu hata kwa Wagiriki, yaani kwa watu wasio wa taifa lao. Hivyo Kanisa kubwa la Antiokia lilianzishwa na wageni waliokosa makwao.

Kisha Mitume wakampeleka Barnaba awaimarishe. Barnaba akaona kwamba kazi yampita nguvu, akaenda kumtafuta Saulo; nao wawili wakawafundisha watu kwa mwaka mzima. Njaa ilipotabiriwa, wakristu wa Antiokia walichanga mali, kila mtu kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Mwishowe Roho Mtakatifu aliwataka wamtoe Barnaba na Saulo, waende kuhubiri mbali. Angalieni vizuri, ndugu: hao ndio waliokuwa walimu wao bora kupita wote. Wakafunga, wakasali, wakawawekea mikono, wakawaacha waende.

Hapo twaona mambo manne: Neno lilisemwa na watu wa kawaida, mafundisho yalifanywa kwa saburi, mali ilichangwa kwa ajili ya wengine, na walimu bora walitolewa kwa moyo mkunjufu. Sasa tuone kama mambo hayohayo yalionekana Afrika.

2. Mapadri wanaondoka Buganda

Mwaka wa 1878 Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliwatuma mapadri wa shirika lake, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, waje katika nchi za maziwa. Mwezi wa Juni walitoka Bagamoyo, wakaja kwa miguu hata Tabora. Huko wakagawanyika: wengine wakashika njia ya ziwa Tanganyika, upande wetu huu, wengine njia ya ziwa Nyanza. Basi imani ya Uganda na imani ya pwani zetu za Tanganyika zilitoka katika msafara mmoja, kama ndugu wawili wa tumbo moja.

Tarehe 17 Februari 1879 Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda. Tarehe 27 Machi 1880 watu 4 wa kwanza wakabatizwa. Mwaka wa 1882 wakabatizwa wengine, na kati yao walikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa nyumba ya mfalme, Andrea Kaggwa, Luka Banabakintu, na Matia Kalemba, ambaye kwa cheo chake aliitwa Mulumba.

Mmea ulikuwa bado mchanga. Ndipo mwezi wa Novemba mwaka ule wa 1882, mapadri walipoona hatari inawazunguka, waliondoka katika nchi. Wakavuka ziwa wakakaa upande wa kusini, huko Bukumbi. Wakristu wakabaki peke yao, bila Misa, bila padri wa kuwaungamisha, bila askofu wa kuwauliza neno. Nao waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mtu wa nje angalisema: Mambo yao yamekwisha, mwaka mmoja tu, nao watarudia desturi za zamani.

Mapadri walikaa mbali karibu miaka 3. Mwezi wa Julai 1885 wakarudi, kwa kuitwa na mfalme mpya, Mwanga. Walikuta nini? Walikuta watu wanaosali na kufundishana, nao ni wengi kuliko wale waliowaacha. Moto haukuzimika, ulikuwa umeshika nyumba nyingine.

Jambo hili lilitendekaje? Hawakukaa mlangoni pa misioni tupu wakilia. Waligawana kazi. Katika jumba la mfalme Yosefu Mukasa aliwafundisha vijana watumishi, akawalinda na maovu. Andrea Kaggwa aliwafundisha watu waliokuwa karibu naye. Na huko Mityana, katika nchi ya Ssingo, Matia Kalemba alisimamia kundi lingine pamoja na Luka Banabakintu na Nowa Mawaggali.

3. Kundi la Mityana

Tukae kidogo na watu wa Mityana, maana wanafanana nasi kuliko wote. Hawakuwa watu wa mji mkuu. Kutoka kwao hadi misioni ulikuwa mwendo wa kilomita zaidi ya 60. Hata mapadri walipokuwapo, hawakuweza kumwona padri kila juma.

Matia Kalemba alikuwa nani? Hakuzaliwa Buganda. Alikuwa Msoga, alitekwa pamoja na mama yake alipokuwa mtoto, akaletwa utumwani katika nchi ya kigeni. Akalelewa huko, akakua, akapewa kazi kubwa na chifu wa Ssingo. Moyo wake ulimtafuta Mungu kwa muda mrefu: kwanza alifuata dini ya Kiislamu, kisha akasikiliza mafundisho ya Waprotestanti, mwishowe akaja kwa mapadri. Alipoamua kuwa mkristu, aliwaacha wake zake wengi, kila mmoja akampatia makao, akabaki na mmoja. Ijapokuwa alikuwa mtu wa cheo, hakuona haya kufanya kazi kwa mikono yake. Watu walimwona, wakasema moyoni: Dini hii si maneno tu.

Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Alimfinyangia chifu vyungu. Hakuwa na cheo kikubwa, lakini wenziwe walimtegemea katika kuwafundisha watu. Luka Banabakintu alikuwa mshauri wao na msafiri wao. Basi tazameni: mmoja mgeni aliyekuwa mateka, mmoja mfinyanzi, na wa tatu mtumishi wa chifu. Hao ndio waliokuwa nguzo.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Mapadri walipokuwapo, baadhi yao walisafiri hadi misioni kusali Misa na kusikiliza mafundisho, na wengine walibaki nyumbani. Waliokwenda waliporudi, waliwakusanya wote wakawapa yale waliyoyasikia. Kwa hiyo aliyekwenda misioni hakwenda kwa ajili ya roho yake peke yake; alikuwa kama mtu aliyetumwa kisimani na nyumba nzima. Ilimlazimu asikilize vizuri, kwa maana wenziwe wanangoja maji. Ndugu, ni wangapi kati yetu huenda misioni, wakarudi, wasimwambie mtu hata neno moja?

4. Wakati wa mateso

Imani hiyo ikajaribiwa. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa kwa amri ya mfalme. Yosefu Mukasa hakunyamaza. Alimwambia mfalme kwamba haikufaa kumwua mgeni yule. Angalieni kwamba Hannington hakuwa wa dini yake; lakini haki ni haki. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa aliwakinga vijana na tamaa mbaya za mfalme, Yosefu aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Usiku ule ule Karoli Lwanga akabatizwa, akashika mahali pake. Nguzo moja ilipoanguka, nyingine ilikuwa tayari.

Mwezi wa Mei 1886 mateso makubwa yakaanza. Karoli Lwanga alipoona ya kuwa hakuna nafasi ya kumpata padri, yeye mwenyewe aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, na kati yao alikuwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri. Kama angalikuwa mtu wa kungoja tu kufanyiwa kila kitu, vijana wale wangaliingia motoni bila ubatizo wa maji. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli na wenziwe walichomwa moto huko Namugongo, na Luka Banabakintu pamoja nao. Matia Kalemba alikatwa viungo akaachwa afe polepole, siku tatu nzima, karibu na kilima cha Kampala. Nowa Mawaggali aliuawa kwao Mityana tarehe 31 Mei. Hata Waprotestanti wengi waliuawa katika mateso hayohayo, kwa ajili ya jina la Kristu yule yule.

Je, kundi la Mityana lilikufa pamoja na viongozi wake? Halikufa. Dada yake Nowa, aliyeitwa Munaku, hakuogopa. Aliomba auawe kama kaka yake. Walipokataa kumwua, aliishika imani yake, akafika misioni, akabatizwa jina la Maria Matilda, wala hakuolewa kamwe, akamtolea Mungu maisha yake. Wakristu wakaongezeka katika Uganda. Papa Paulo wa Sita aliwaandika mashahidi 22 katika hesabu ya Watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, huko Roma.

5. Mpala na Kirungu

Sasa turudi upande wetu. Mapadri wale wengine walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Kazi yao ilianza kwa machozi. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, katika nchi ya Burundi. Wengine wakavuka ziwa. Mwaka wa 1883 wakajenga Kibanga, na mwaka wa 1885 wakapokea Mpala, mahali palipokuwa pamejengwa na Storms, afisa Mbelgiji.

Siku zile biashara ya watumwa iliiharibu nchi. Vijiji vilichomwa, watoto wakafungwa minyororo. Mapadri waliwakomboa watoto wengi, wakawalea; nao walipokua wakaoana, wakajengewa vijiji karibu na misioni. Mwaka wa 1887 akafika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa kwanza askari wa Papa. Yeye aliwalinda watu na washikaji wa watumwa. Alioa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hii, akakaa nasi hata kufa kwake mwaka wa 1927.

Kazi hiyo ilikuwa ya huruma, wala mtu mwenye akili hawezi kuilaumu. Lakini ndani yake mlikuwamo hatari. Waliokombolewa hawakuwa na ukoo mahali pale. Walikula, walilima, walifundishwa na kulindwa na misioni. Watu wa vijiji vya mbali wakawatazama kama kabila jipya, watu wa padri. Wengine wakadhani ya kuwa mtu akitaka kuwa mkristu sharti auache ukoo wake ahamie bomani. Boma humzuia simba asiingie. Lakini likifungwa siku zote, ng'ombe watakufa njaa ndani.

Padri Victor Roelens, aliyeianzisha misioni ya Kirungu mwaka wa 1893, alifanywa askofu mwaka wa 1896. Ndiye askofu wa kwanza wa misioni za Kongo ya siku zile. Yeye na wenziwe walijua ya kuwa wageni peke yao hawawezi kuijaza nchi Habari Njema. Wakawafundisha makatekista, wakawapeleka vijijini, wakae kati ya watu wasioamini, wajenge shule na kanisa dogo. Ndipo imani ilipotoka bomani ikaenda kwa miguu.

Tena mwishoni mwa karne ya 19 wavulana wakaanza kufundishwa huko Mpala ili wapate kuwa mapadri. Wengi walicheka. Walisema: Miaka mingi ya Kilatini, na kukaa bila mke, nani ataweza? Kijana mmoja wa Watabwa, Stefano Kaoze, aliyebatizwa mwaka wa 1900, aliweza. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Roelens alimpa upadri huko Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville wakati ule. Katika ufalme wa Kongo wa kale walikuwapo mapadri wenyeji tangu karne ya 16. Lakini katika misioni za nyakati zetu Kaoze ndiye Mkongomani wa kwanza. Alifanya kazi ya Mungu hata kufa kwake mwaka wa 1951.

Hesabuni, ndugu. Tangu mapadri kuipokea Mpala hata Kaoze kupewa upadri ilipita miaka 32. Mzazi anayemtoa mtoto wake kwa Mungu apanda mti wa mvule. Asitazamie kukaa kivulini pake kesho.

6. Mganga wa Karema na fundi wa Ikili

Ng'ambo ya ziwa, kukabili Mpala, iko Karema. Huko alifika mwaka wa 1889 mtu aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, mbali sana, upande wa magharibi wa Afrika. Alipokuwa mtoto aliibwa akauzwa. Mapadri wakamkomboa, na baadaye akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Angaliweza kukaa Ulaya. Lakini alikubali kutumwa kwa watu asiowajua, awe mganga na katekista. Alioa binti wa nchi, na mtoto wao Yosefu akawa padri. Atiman aliwatibu watu wa Karema hata kufa kwake mwaka wa 1956, miaka 67. Mgonjwa alipoletwa kwake, alitazama kidonda kwanza, bila kubagua dini wala kabila. Wengi waliokuja kutafuta dawa walijua kwa njia yake wema wa Mungu.

Tena tusimsahau Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana aliyekuwa akifanya kazi pamoja na waashi, aliyebatizwa mwaka wa 1906. Alikwenda kufanya kazi Ikili, katika shamba la kampuni, mahali pasipo na padri wala kanisa. Je, alijificha? Alisali wazi, akavaa skapulari yake, akawafundisha wenziwe waliotaka. Msimamizi mzungu alimkataza, kisha akaamuru apigwe kikatili sana. Bakanja alikufa kwa vidonda hivyo mwezi wa Agosti 1909, baada ya kumsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Kumbe hata mkristu mmoja, akiwa na moto ndani yake, ni kanisa linalotazama nje.

7. Jumuiya hai katika Kongo

Mwaka wa 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Waliona ya kuwa misioni kubwa zenye majumba ya matofali hazitoshi. Wakaamua kuwa wakristu wakusanyike katika jumuiya hai, ndogo, ambamo watu wajuana kwa majina, wasali pamoja, wasikilize Neno, wasaidiane. Walikuwa kati ya wa kwanza duniani kulichagua jambo hili. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki nao waliliweka mbele katika mkutano wao wa mwaka wa 1976.

Haikupita miaka mingi, na shauri hilo likaonekana ni la lazima. Tarehe 1 Januari 1962 wamisionari 20 waliuawa Kongolo. Katika vita vya mwaka wa 1964 mapadri, masista na mabruda wengi walipoteza maisha. Ndipo Sista Anuarite alipoufia usafi wake huko Isiro, tarehe 1 Desemba. Misioni nyingi zikabaki bila padri. Palipokuwa na katekista imara na watu waliozoea kusali pamoja, kengele iliendelea kulia. Palipozoea kungoja padri afanye yote, pakawa kimya. Na huko Kinshasa, tangu mwaka wa 1975, Kardinali Malula aliwaweka walei, wanaoitwa bakambi, kuziongoza parokia pamoja na mapadri. Papa Paulo wa Sita alikuwa amekwisha kuwaambia Waafrika huko Kampala, mwezi wa Julai 1969, ya kuwa sasa wao wenyewe ndio wamisionari wa bara lao.

8. Alama za jumuiya yenye afya

Tukiyakusanya mambo haya yote, twapata alama tano.

Ya kwanza ni mafundisho yasiyofanywa kwa haraka. Lavigerie aliagiza watu wafundishwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa. Wengine walinung'unika, lakini Karoli Lwanga alijua la kufanya saa ya hatari. Anayejenga bila msingi hufurahi mapema na kulia mwishoni.

Ya pili ni kugawana kazi. Katekista si punda wa kubebeshwa mizigo yote. Mmoja awafundishe watoto, mwingine awatazame wagonjwa, mwingine atunze michango, naye aseme wazi mbele ya wote kilichoingia na kilichotoka. Fedha za kanisa zisizohesabiwa hadharani zimevunja makundi mengi kuliko mateso.

Ya tatu ni viongozi ambao maisha yao yahubiri. Matia aliitengeneza kwanza nyumba yake, ndipo akafundisha. Katekista mlevi, au mzee wa kanisa anayemnyang'anya mjane shamba la marehemu ndugu yake, hubomoa kwa siku moja alichokijenga kwa miaka kumi.

Ya nne ni mlango ulio wazi. Matia alikuwa mateka Msoga, Atiman mtumwa kutoka Timbuktu, wakristu wa Antiokia wakimbizi. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi vita vimewafukuza watu wengi makwao, nao hufika kwetu na mikeka yao kichwani, wakisema lugha nyingine. Kama kanisa letu ni la ukoo mmoja na kabila moja tu, hata likijaa watu, ni gonjwa. Mungu akituletea mgeni, pengine ametuletea nguzo, nasi twamwona kuwa mzigo.

Ya tano ni kutoa. Jumuiya isiyotoa mali, wala watoto, wala wakati wake kwa ajili ya walio nje, ni kama dimbwi: maji huingia, hayatoki, mwisho hunuka. Mto hutoa maji mchana na usiku, nao huishi. Msiseme: Sisi ni maskini. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu asiye na faranga aweza kumtekea maji mgonjwa asiye na ndugu.

Basi, wapenzi, swali letu la kwanza limejibiwa. Kundi dogo laweza kuishi, hata padri akiwa mbali. Hatusemi kwamba padri si lazima. Watu wa Mityana walitembea kilomita nyingi kwa sababu waliitamani Misa. Nanyi mwombeni Mungu mapadri, na mwatoe vijana wenu. Lakini padri akija, na akute moto unaowaka tayari, aongeze kuni, asikute majivu.

Maswali ya kujiuliza katika jumuiya

1. Wakristu wa Antiokia walitoa nini kwa ajili ya wengine? Sisi tulitoa nini mwaka huu?
2. Watu wa Mityana walifanya nini waliporudi kutoka misioni? Je, sisi hufanya vivyo?
3. Padri asipofika kwa muda wa miaka 3, ni kazi zipi katika kanisa letu zitaendelea, na zipi zitakoma? Kwa nini?
4. Ni nani kijijini petu aliye mgeni, mjane au mgonjwa, ambaye hajaingiwa na mkristu hata mmoja nyumbani mwake mwezi huu?
5. Nani atashika kazi ya katekista wetu akiondoka? Tumeanza kumfundisha?

Azimio la juma hili: Kila nyumba ya wakristu ichague mtu mmoja asiye wa kanisa letu, imtembelee, imsaidie kazi moja kwa mikono, bila kumdai kitu wala kumlazimisha neno. Jumapili ijayo, baada ya sala, waliokwenda wawaeleze wenzao waliyoyaona.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mwenye Heri Isidori Bakanja na Mwenye Heri Anuarite, mtuombee. Tumsifu Yesu Kristu, milele na milele. Amina.